Swichi iliyoitwa haramu

Jana nilishinda Kagio nikimfungia rafiki yangu swichi ya mtumba, ndani ya saiba yake karibu na soko. Nilichomeka kebo ya konsoli, nikaweka kasi ya 9600, nikabonyeza Enter, na ile alama ya > ikatokea. Hakuna picha, hakuna vitufe. Unaandika amri, inakujibu. Nikaandika "enable", kisha "show mac address-table".

Ikaja orodha fupi: anwani za kompyuta na tundu ambalo kila moja inapatikana. Basi. Swichi hiyo haijui Sagana wala London. Inaangalia data inaenda kwa nani, inaitolea tundu lake.

Ndipo nikakumbuka KIXP. Hadi mwaka 2000, mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi akimwandikia mteja wa kampuni nyingine, hata kama wako jengo moja, barua ilipanda setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Ni kama nyanya za Kagio zipitie Ulaya kabla ya kufika Kutus! Novemba 2000, kampuni hizo kupitia chama chao, TESPOK, zikaunganisha ruta zao kwenye kituo kimoja Nairobi. Ruta ndizo zilizojua njia; katikati ilikuwa swichi. Safari ya milisekunde 1,200 hadi 2,000 ikawa ya 60 hadi 80.

Haikumaliza mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Desemba CCK ikaamuru kituo kifungwe kwa kukosa leseni. TESPOK ikajitetea kwamba data ile haivuki mpaka. Mimi, jamani, nimeitazama orodha ya anwani na matundu na sijaona kimataifa iko wapi. Nashuku shida ilikuwa pesa: kila data iliyopanda setilaiti ililipiwa.

Leseni ilitolewa Novemba 2001, kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Karibu mwaka mzima na zaidi wa barua za jirani kwa jirani kuzunguka angani, kwa pesa za kigeni.

Kabla ya kuondoka nilipima safari hadi seva moja iliyoko Nairobi: milisekunde 9. Rafiki yangu akauliza kama hiyo ni nzuri. Nikaandika "write memory", nikachomoa kebo, nikamwambia tuagize chai kwanza, hadithi ni ndefu.