Makaburi ya Songea na Tumaini la Taifa





Mtu akiniuliza tumaini la Tanzania litoke wapi, nitamtuma Songea, kwenye makaburi ya mashujaa wa Maji Maji. Jibu hili laweza kushangaza, kwa maana pale wamelala walioshindwa. Hata hivyo, naomba tutafakari pamoja.

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliong'oa miche ya pamba. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia maji, akisema yatageuza risasi kuwa maji. Dawa ile haikuzuia risasi. Lakini ilifanya jambo ambalo halijapata kuonekana: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, waliozoea kupigana wenyewe kwa wenyewe, walisimama upande mmoja.

Walilipa gharama kubwa. Tarehe 27 Februari 1906, wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule una jina lake, alinyongwa pia. Mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, nayo njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Kanisa nalo lilikuwamo katika maumivu hayo. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misioni ya Peramiho ikachomwa moto. Tukubali pia ukweli mchungu: machoni pa wengi, mmisionari na mtawala walikuwa na sura moja. Angekuwapo mtu wa kupiga hesabu siku zile, angesema mambo yamekwisha, kwa Wangoni na kwa Kanisa vilevile.

Lakini hayakwisha. Peramiho ilijengwa upya, na mwaka 1969 Songea ikapata askofu mzalendo, James Komba. Na Mwalimu Nyerere, alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alivikumbusha vita vya Maji Maji. Kutokana navyo watu walikuwa wamejifunza kwamba nguvu ya silaha haitawang'oa watawala, wakabaki wamevunjika moyo. TANU ilikuja kuwarudishia moyo huo kwa njia ya amani. Umoja uliotafutwa kwa maji ya dawa ukapatikana kwa njia nyingine, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Ilikuwa imepita miaka 56 tangu miche ile ing'olewe. Waliopanda hawakuona mavuno.

Hata hivyo, tumaini lisilotaka kukumbuka ni usingizi tu. Ilichukua hadi Novemba 2023 kwa Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, kusimama Songea na kuomba msamaha. Wazao wa Songea Mbano bado walikuwa wakiulizia fuvu la babu yao. Msamaha ulioombwa baada ya karne nzima haukurudisha uhai wa mtu hata mmoja, lakini uliwaheshimu wafu kwa kuwataja na kukiri walivyokufa.

Nawaandikia haya nikiwakumbuka wenzetu waliofiwa katika vurugu zilizofuatia uchaguzi wa Oktoba 2025. Wapo wanaosema, "Tusahau, tusonge mbele." Wapo pia wanaosema nchi hii haina tena mwelekeo. Songea inawajibu wote wawili. Kwa wa kwanza inasema kwamba kaburi lisilotajwa halinyamazi, hata baada ya miaka mia. Kwa wa pili inasema kwamba watu wetu waliwahi kuanguka chini kuliko hapa, wakainuka.

Wiki hii, wazazi, wasimulieni watoto wenu habari hizi, nao wazee waulizwe wangali hai. Kisha tuwaombee marehemu wote, wa juzi na wa zamani, kwa majina yao pale tunapoyajua.

Nawatakieni Dominika njema.