Rubani wa Joto

Mwezi wa Machi, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, shangazi yangu wa Shela hapa Malindi alikuwa ameketi chini ya eisii, mashine ya kupoza hewa, huku bado anajipepea kwa kipepeo cha ukindu. "Hari hii! Hebu ongeza, mwanangu," akamwambia binamu yangu. Binamu akashika simu, akagusa kioo mara tatu, 22 ikawa 25. Muda si muda shangazi akawa ameloa jasho mpaka leso imemganda mwilini, na mwanawe anaapa kwamba ameongeza kama alivyoagizwa.

Wote wawili walisema kweli. Shangazi alitaka aongezewe baridi, mwanawe akaongeza namba. Kitenzi kimoja kilibeba maana mbili zilizopeana mgongo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapekua maneno ya mashine hii, kwa sababu nyumba nyingi za Kilifi, Watamu na Malindi sasa zinaingiza kile kidude cha ukutani kinachoiongoza eisii kwa simu, na kila anayekileta nyumbani analeta kitu ambacho hana jina la kukiitia.

Nianze na ongeza, maana ndilo lililomtoa shangazi jasho. Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uswidi, alipopanga kipimo chake mwaka 1742 aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Kwa kipimo hicho, namba ikipanda baridi inazidi. Celsius alifariki mwaka 1744, na kipimo kikapinduliwa kikawa hiki tukijuacho. Lau kidude cha binamu kingekuwa kinafuata hesabu ile ya mwanzo, shangazi angepata baridi yake kwa neno lile lile alilolitamka.

Ongeza basi isiachwe peke yake. Ni kitenzi kinachodai yambwa: ongeza nini? Ongeza baridi, punguza baridi, hapo hapana wa kukosea. Namba nayo tuipe vitenzi vyake, pandisha na shusha. Mabaharia wetu walilijua hili zamani. Chomboni hakuna anayeamrisha "ongeza tanga". Huamrisha tweka, huamrisha tua, na kila mkono unajua kamba ya kushika.

Washa nayo inanishangaza kila siku. Ni kitenzi cha moto, ndugu wa kuwaka. Tuliwasha kuni, tukawasha taa, tukawasha redio, na leo tunawasha baridi! Sikatai, kwa kuwa lugha ina haki ya kutembeza vitenzi vyake. Lakini nimewasikia akina mama wa Kilifi wakisema "fungulia eisii", kama mtu anayefungulia mfereji, na picha hiyo naiona nzuri zaidi. Baridi ya eisii humwagika kweli kutoka juu ikashuka miguuni, mfano wa maji. Fungulia na funga. Ningependa kuyaona maneno hayo mawili kwenye kioo cha simu.

Hata stima inayoiendesha eisii, neno lake lilikuja na meli. Wazee wetu walipanda stima, yaani meli ya mvuke, na mvuke ule ule wa Kiingereza ukapanda nguzo ukawa taa za Kenya nzima. Watanzania wao wana umeme, neno la mbinguni, lenye radi ndani yake. Sisi tunanunua tokeni za chombo kilichokwisha ng'oa nanga.

Kwa kile kinachopimwa tuna majina mawili, halijoto na jotoridi. Halijoto limeenea vitabuni mwa shule na mwanafunzi halimsumbui. Lakini lipeleke kwenye friji: "halijoto ya friji". Sikio linagoma, kwa maana tumetaja joto pale ambapo hakuna mtu anayelitaka. Aliyelisanifu jotoridi alichukua joto, akachukua baridi, akaikata kichwa baridi na kuishonea kwenye mkia wa joto. Ni ushonaji wa fundi. Neno linabeba ncha zote mbili za kipimo na halijipendelei upande. Kwa pwani hii, ambako mtu hununua mashine kwa ajili ya baridi na si kwa ajili ya joto, jotoridi ndilo neno la haki.

Na jotoridi huhesabiwa kwa nyuzi. Digrii haina kosa, lakini nyuzi ina kitu machoni. Darasani tulifundishwa pembe mraba ina nyuzi 90, na kwenye kipimajoto cha kioo uzi ninauona hasa: mstari mwembamba wa zebaki unaopanda na kushuka. Kidude cha binamu hakina zebaki wala mstari. Jina limebaki linatukumbusha.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo Kiswahili cha pwani kinapoizidi mashine. Kidude kinajua namba tu. Sisi tuna joto, neno la Kibantu lenye undugu na kuota, kama kuota moto au kuota jua, joto la kawaida lisilo na ugomvi na mtu. Tuna hari, iliyotoka Uarabuni, ambayo ni joto lililokwisha ingia mwilini. Ndiyo maana shangazi hakulalamikia joto, alilalamikia hari. Na tuna fukuto. Fukuto ni joto lililofungiwa, lenye maji ndani yake, lisilotoka nje wala lisilokuacha upumue. Sauti yake inaifuata mivukuto ya mhunzi, na hukaa hata moyoni mwa mtu mwenye kinyongo. Machi ya Malindi ni fukuto. Namba inaweza kusoma 30 tu, na mtu akahisi yumo chunguni.

Vidude vingine hupima pia kile ambacho vitabu vinakiita unyevuanga. Neno limeundwa vizuri, unyevu wa anga, na mtaalamu wa hali ya hewa alitumie. Lakini chumbani mwa mtu unyevuanga haumaanishi lolote mpaka ukutane na joto, na wakikutana mtoto wao ni fukuto. Ningekuwa mimi ninayetafsiri programu hizo, kile kitufe cha kukausha hewa bila kuipoza sana ningekiandika "Toa fukuto". Mzee yeyote wa Mambrui angekibonyeza bila kuuliza.

Sasa wifi. Shangazi alivaa miwani, akasoma boksi, akauliza wifi anahusika vipi na eisii. Kwake yeye wifi ni mamangu, mke wa kaka yake, na swali lake lilikuwa halali. Neno hili ni letu, lina heshima yake, lina utani wake na karamu zake za harusi. Lile la mtandao ni jina la biashara lililobuniwa mwaka 1999, na halikuwa kifupisho cha maneno yoyote. Hivyo hatuna deni la kulitafsiri herufi kwa herufi. Tuliandike waifai, kama linavyotamkwa, tumwachie wifi nafasi yake ya ukoo.

Anayetaka kwenda mbali zaidi atakuta njia imekwisha fyekwa. Simu ni neno la Kiajemi lililokuwa na maana ya waya. Habari zilipoanza kusafiri bila waya, wazee wakasema simu ya upepo. Kwa maana za asili ni waya wa upepo, kitu kisichowezekana, na bado kila mtu alielewa. Mtandao wa upepo, basi? Mimi ningeukubali leo leo, hasa hapa ambapo upepo ndio uliotuletea kila kitu, pamoja na neno hili la Waajemi.

Kwa lile "smart" la Kiingereza, janja silitaki. Simu janja imekwisha shika mizizi na sitaling'oa, lakini mjanja wa Malindi ni mtu anayekuuzia dagaa wa juzi akiapa ni wa leo. Sitaki ujanja ukutani mwa chumba ninacholala. Maizi ni neno jingine kabisa. Kumaizi kumetoka kwenye Kiarabu cha kupambanua, kukitenga hiki na kile, na hiyo ndiyo kazi nzima ya kidude hiki: kupambanua kilichozidi na kilichopungua. Simu maizi tunayo tayari kwa baadhi ya waandishi. Kwa kidude hiki maizi inakaa kama pete kidoleni.

Rimoti wameiita kitenzambali, na nalipenda neno hili kwa ushupavu wake: kitu kinachotenda kikiwa mbali. Wanaonunua wakumbuke jambo moja ambalo jina hili linalifichua. Vidude vya Ulaya na Marekani, vinavyoitwa thamostati, vingi hufungwa ukutani kwa nyaya zinazokwenda kwenye tanuri la kupasha nyumba. Eisii zetu za pwani nyingi ni zile za kipande cha ndani na kipande cha nje, na husikiliza mwale wa rimoti. Kwa hiyo kinachotufaa sisi ni kidude kinachoijua lugha ya rimoti yetu, kitenzambali kinachoongea na kitenzambali. Muuzaji akikuonyesha kile cha nyaya, mrudishie kwa adabu.

Eisii yenyewe ina jina la kiyoyozi, na kiyoyozi limeshinda. Sikio langu hulisikia likijongea karibu na kuyoyoma, kwenda zako mpaka usionekane, na joto la chumbani hufanya hivyo hivyo. Hata hivyo Watanzania wana neno linalonifanya niwaonee wivu: kipupwe. Basi lenye kipupwe, ofisi yenye kipupwe. Wamechukua msimu mzima wa baridi, ule wa Juni hadi Agosti, wakauweka ndani ya boksi. Jirani zetu Wamijikenda nao husema peho, na peho kwao ni upepo na ndiyo hiyo hiyo baridi. Sisi wenyewe tuliita makao ya watu wema peponi. Yaani mababu walipotaka kutaja raha isiyo na mwisho, walitaja mahali penye upepo! Aliyewahi kulala Malindi mwezi wa Machi hahitaji kufafanuliwa.

Kitenzi cha kukipangia kidude kazi tunacho pia, nacho ni tegesha. Tunategesha saa ya kengele kama mtu anavyotega mtego, akaondoka, mtego ukabaki na kazi. Tegesha nyuzi 26 saa nne usiku. Na pale programu inapouliza kama uko nyumbani au umetoka, wafasiri wanaandika "hali ya nyumbani" na "hali ya kutokuwepo", maneno marefu kama barua ya serikali. Mswahili husema hayo kwa neno moja moja. Nipo. Sipo. Ile hali ya kubana stima tuiite kiasi, kama mtu anavyoambiwa ale kwa kiasi.

Limebaki jina la kidude chenyewe. Thamostati limeazimwa kutoka kwenye neno ambalo Andrew Ure, mkemia wa Uskoti, alilitumia mwaka 1830 katika hataza yake, akiunga maneno mawili ya Kigiriki, joto na kusimama. Nimeona pia kirekebishajoto na kidhibitijoto. La kwanza linanusa gereji, kana kwamba joto limeharibika linangoja fundi. La pili lina nguvu, lakini kudhibiti ni kushika na kufunga, kazi ya askari, nacho kidude hakimfungi mtu. Husoma, hupambanua, hugeuza kidogo, husoma tena. Nyuzi zikipita 26 huiamsha mashine, zikishuka tena huilaza. Siku nzima iko hivyo, bila kelele.

Kazi hiyo pwani hii inaijua kwa jina. Mtu anayetazama nyota na maji, akaona chombo kimepotoka kidogo, akakirudisha, akatazama tena, ni rubani. Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alipoipa jina elimu ya mashine zinazojirekebisha katika kitabu chake cha mwaka 1948, alichukua neno la Kigiriki la mshika usukani, na thamostati ikawa miongoni mwa mifano yake. Yeye alimwona baharia wa Kigiriki ndani ya mashine hii. Sisi tuna sababu kubwa zaidi. Aprili 1498 mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani wa kumvusha bahari, na mwezi uliofuata wakaiona Calicut. Mji huu umo katika historia ya dunia kwa sababu ya rubani.

Nalipendekeza basi rubani joto, liandikwe neno moja, rubanijoto. Atakayesema rubani ni mtu na hawezi kuwa mashine, namjibu kwa pangaboi. Hilo feni la darini wanaloliita hivyo Tanzania lilianza kuwa kijana wa kuvuta kamba ya panka, neno la Kihindi, huku wakubwa wakila. Kijana akaondoka, jina likapanda darini. Rubani wa majahazi naye alikwisha panda ndege zamani, na hakuna aliyelalamika.

Ngeli ndiyo inayonipa kazi. Pangaboi lilipoacha kuwa mtu lilihamia li- na ya-: pangaboi limeharibika, mapangaboi yameharibika. Rubanijoto lifuate njia hiyo: rubanijoto limezima, marubanijoto yamezima. Nimemwandikia shangazi jina hilo kwenye kipande cha plasta na kukibandika chini ya kidude. Amelipokea, ila sarufi yangu ameikataa. Usiku wa jana, mashine iliponyamaza, aliinua macho akasikiliza kidogo.

"Rubani amelala," akasema. "Mwache. Upepo umeingia, nifungulieni dirisha."