Je, Programu za "Vitu" Zimefaa?

Mkulima wa Upareni huhitaji kujua saa ya kufunguliwa ndiva, si jinsi ukuta wake ulivyojengwa. Ndivyo zilivyo programu za "vitu". Kila kitu hutunza taarifa zake, na vingine hupitia mlango wake tu.

Mbinu hii ilianzia Oslo, Norwe, miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula. Mjini humohumo Chuo Kikuu cha Oslo kiliongoza utungaji wa DHIS2 kwa Java, lugha ya mtindo huo iliyotolewa 1995. Kufikia 2013 DHIS2 ilikuwa imeenea Tanzania Bara, ikikusanya takwimu za zahanati, za Same zikiwemo. Ndani yake kituo cha afya na fomu ya ripoti ni vitu mbalimbali; fundi aweza kurekebisha kimoja bila kuvuruga kingine.

Lakini vitu vikirithishana tabia kupita kiasi, programu huwa fumbo. Lugha ya Go, ya mwaka 2009, iliuacha urithi huo. Basi mbinu imefaa; ila faida yake iko mlangoni, si katika urithi.