Chambo: historia ya Ziwa Victoria ndani ya ndoo moja

Testi zimekwisha, boom bado, kwa hiyo tupo tupo tu hapa hosteli. Wiki hii rumu letu limekuwa na ubishi mmoja mkali. Jamaa anasema historia ya uchumi wa Kanda ya Ziwa ni pamba, reli na dhahabu, basi. Nikamwambia kasahau samaki. Akanijibu samaki ni kitoweo, si historia. Sasa leo siandiki hata juu ya huyo samaki mwenyewe. Naandika juu ya chambo, yule samaki mdogo anayetundikwa kwenye ndoano akiwa hai. Someni, halafu mtaamua wenyewe.

Kwa wale ambao hawajawahi kukanyaga mwalo: sangara (Wakenya humwita mbuta, Waganda mputa) huvuliwa kwa nyavu za kutega au kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi. Sangara ni mwindaji, anavutwa na kitu kinachotikisika. Ndiyo maana chambo hai kinapendwa kuliko kilichokufa. Mwenye ndoano mia tano anahitaji samaki wadogo wazima mia tano kabla hajaingia ziwani. Wakikosekana, mtumbwi, mafuta na vibarua vyote vinabaki mwaloni.

Na kukosekana kwao kuna historia yake.

Zamani ziwa hili lilijaa furu, visamaki vya aina zaidi ya 500, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Kabla ya mabadiliko, kati ya samaki waliokaa upande wa chini wa ziwa, karibu asilimia 80 ya uzito wote ilikuwa furu. Wakoloni waliwaona kama takataka, samaki wa miiba wasio na soko. Likaja wazo la kuleta samaki mkubwa awale hao takataka, awageuze kuwa minofu. Tangu ripoti yake ya 1929, Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, alishaonya kwamba kuleta mla samaki kutoka ziwa jingine bila utafiti wa kutosha ni hatari kubwa. Hawakumsikiliza. Miaka ya 1950 sangara akaingizwa upande wa Uganda, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakaongezwa Entebbe na Kisumu.

Miaka ishirini ya mwanzo kukawa kimya. Halafu miaka ya 1980 sangara akalipuka, Kenya kwanza, kisha Uganda, kisha kwetu. Watafiti wa Kidachi kutoka Leiden, waliokuwa Ghuba ya Mwanza tangu 1977 wakihesabu furu, walijikuta wanahesabu msiba. Inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka. Na sangara siye mshtakiwa pekee, maana maji nayo yalichafuka na hewa ikapungua kule chini.

Hapo ndipo kichekesho kinapoanza, jamani. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajaa Mwanza, Kisumu na Jinja, Ulaya ikanunua, na kila mtu akataka sangara. Kumpata kwa ndoano unamhitaji nani? Furu! Yuleyule aliyeliwa. Sangara alipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wakarudi kwa wingi, na binadamu akawasubiri na ndoo.

Kuwapata si kazi safi. Wengine wanatumia kokoro, ule wavu unaokokotwa hadi ufukweni, ambao ni haramu. Kokoro halichagui: linabeba furu, linabeba sato wachanga, linabeba hata watoto wa sangara mwenyewe. Yaani unaua mtoto ili umnase mzazi. Mwaka 2018 serikali ilifanya Operesheni Sangara, na nyavu haramu nyingi zikachomwa moto. Lakini ukichoma wavu hujajibu swali la mwenye ndoano: chambo atoe wapi?

Jibu moja lilitoka kwenye tope. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia ndooni muda mrefu, wakati furu hufa upesi. Mwanzoni watu waliwasaka kambale wadogo kwenye mabwawa ya matete na mafunjo, na huko nako wakaanza kuadimika. Kuanzia miaka ya 2000, Uganda na Kenya, wafugaji wakaanza kuwatotolesha kwa makusudi na kuwauzia wavuvi wa sangara vifaranga. Wengi wao soko lao kubwa likawa ni chambo kuliko kitoweo.

Msidhani tabu hii ni ya kwetu tu. Kule Marekani, kwenye Maziwa Makuu, wavuvi wa samaki anayeitwa walleye nao hutumia visamaki hai. Baada ya virusi vya VHS kuua samaki wengi huko, mwaka 2006 serikali yao ilibana usafirishaji wa samaki hai kutoka majimbo ya eneo hilo, na biashara ya chambo ikaguswa. Wao waliogopa ndoo inayotoka ziwa moja kwenda jingine. Ukifikiri vizuri, sangara wetu naye alikuja hivyohivyo, alibebwa kutoka maji mengine. Tofauti ni kwamba ndoo yetu ilibebwa na ofisi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayekamatwa na kokoro leo analipa deni la uamuzi uliofanywa kabla baba yake hajazaliwa. Sheria ya nyavu ni ya haki, siipingi, lakini ikienda peke yake bila mabwawa ya vifaranga karibu na mialo, kwa bei ambayo mwenye mtumbwi mmoja anaimudu, tutaendelea kuchoma nyavu na furu wataendelea kuisha. Na furu akiisha, hakuna bwawa litakalomrudisha.

Nawasilisha. Wadau wa Musoma, Ukerewe na Bukoba, huko kwenu chambo kinapatikana wapi na kwa bei gani? Tiririkeni hapo chini. Na wewe jamaa wa rumu, najua unasoma: hiyo ni historia au kitoweo?