Neno uvimbe lisibebeshwe kifo
Kaloleni, kama kwingine Nairobi, "uvimbe kichwani" husikika kama saratani. Neno lenyewe halisemi hivyo: uvimbe ni kilichovimba tu, na ule wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nyuma ya pua, mara nyingi mno si saratani. Ukihitaji kutolewa, daktari kwa kawaida hupitisha kamera nyembamba puani na kuutoa bila kufungua fuvu kwa juu. Atasema mtu kwamba neno la kutisha huwahimiza wagonjwa kutafuta matibabu haraka. Kweli, uvimbe huo ukibana neva za macho huweza kupofusha; lakini aliyekwisha kujihesabu maiti hana haraka ya kwenda kliniki. Waandishi na wauguzi, semeni "uvimbe usio saratani", na mtaje tezi yenyewe.