Kanuni ya Pascal na Ukaidi wa Viunganishi vya Trekta

Kiunganishi cha mpira wa haidroliki kinapogoma kuingia kwenye trekta ndogo, wengi hushika nyundo. Historia inaeleza kwa nini ni kosa. Mwaka 1663 kilichapishwa kitabu cha Blaise Pascal kilichoonyesha kuwa kimiminika kilichofungiwa husambaza shinikizo pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo katika mashine ya kukandamizia. Mwaka 1939 Harry Ferguson na Henry Ford walileta trekta inayoinua plau kwa nguvu ya mafuta.

Nguvu hiyohiyo ndiyo huleta ukaidi: jua hupasha mafuta yaliyofungiwa mpirani, yakatanuka na kuibana vali. Kwa hiyo, kabla ya kuchomoa mipira, zana ishushwe chini, injini izimwe, kisha wenzo usogezwe huku na huko ili shinikizo litoke.