Gereji ya Staa Yageuka Tanuri, Kumbe Dawa Wazee Walikuwa Nayo Zamani

Leo umbea upo, ila utatupeleka mbali kidogo, mpaka enzi za masultani, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Kuna msanii mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, wengi wenu mnamfuatilia kila siku kwenye simu zenu. Mjengo wake uko pande za Mbezi Beach. Mwaka juzi alimalizia gereji ya nguvu. Nikisema gereji simaanishi kule kwa fundi mnakopeleka gari likianza kugonga, namaanisha kile chumba cha kulaza ndinga hapo hapo nyumbani. Tofali za saruji pande tatu, bati la rangi nyekundu iliyokolea juu, geti la chuma zito mbele, dirisha hakuna hata moja. Eti wezi. Nusu akalaza gari, nusu akafungua studio yake.

Februari ikaingia. Kama umekaa Dar unaijua Februari. Dashibodi ikaanza kunata kama pipi. Gitaa likapinda shingo. Jamaa akafunga AC, yuniti za umeme zikawa zinayeyuka kama barafu ya ubuyu, na bado ukuta ukaota ukungu kwa sababu lile geti limejaa mianya na hewa ya nje yenye unyevu inaingia muda wote. Halafu siku moja diski yenye nyimbo za albamu nzima ikagoma kuwaka. Nakala hana. Humo ndani kulikuwa na mistari ya rafiki yake aliyefariki, ambayo haipo sehemu nyingine yoyote duniani. Gari lilimkera tu, ila hiyo diski ilimliza.

Sasa siku hiyo palikuwa na mzee mmoja fundi, mtu wa Pangani, kaja kupiga plasta ukuta wa nje. Akaingia mle gerejini, akaweka kiganja ukutani, akatazama juu kwenye bati, akamwambia: "Mwanangu, hapa hamkujenga banda la gari. Mmejenga tanuu."

Mimi nilikuwepo. Wote tulicheka, mzee hakucheka. Tanuu ni lile rundo la kuchomea chokaa, na baba yake mzee huyu alikuwa mchoma chokaa. Hapo ndipo nikaanza kufukua hii historia, na nikagundua karibu kila mtu mwenye maana ndani yake hana jina.

Kwanza tuelewane kuhusu joto letu. Machi ya Dar thermometa inasoma kama 32 tu, kuna miji ya jangwani inacheka namba hiyo. Tatizo letu ni unyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na kwenye hewa iliyoshiba maji jasho halikauki, linatiririka tu. Halafu usiku haupoi. Dodoma jua likizama unatafuta sweta, Dar saa 8 usiku unageuza mto upande wa pili. Hata hiyo AC unayoililia, yule Willis Carrier alipoisanifu mwaka 1902 hakuwa anamfikiria binadamu. Ilikuwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, ambako unyevu ulikuwa unavimbisha karatasi na rangi zinakosana. Alikuwa anapigana na maji ya hewani, joto likafuata.

Watu wa pwani walipigana na maji hayo hayo bila umeme. Nendeni Mji Mkongwe Unguja, au Lamu, au Mombasa ya zamani. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, nyingine zaidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga magogo duara, juu yake matumbawe, unawasha, unaacha iungue, kisha unaizima kwa maji na kuiacha ikae. Ukuta mnene namna ile jua linaupiga mchana kutwa na ndani joto linachelewa kufika. Vyumba ni vyembamba, kama mita 2 na nusu mpaka 3 hivi, na hiyo haikuwa fasheni. Ni urefu wa boriti. Miti ya mikoko ndiyo ilibeba dari, na mkoko hauzidi hapo. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni, na huko Ghuba nyumba nyingi za zamani vyumba vyake vina upana wa boriti zetu. Nani alizikata kwenye matope ya Rufiji na Lamu, mguu unazama mpaka goti, mbu kila upande? Hakuna aliyeandika.

Katikati ya nyumba uwanja wazi, hewa moto inapanda na kutoka. Vichochoro vyembamba, majengo yanapeana kivuli. Na kitu kimoja ambacho mzee wa Pangani alikirudia mara tatu: paa mbili. Nyumba nyingi za mawe zilijengwa na paa bapa la chokaa, na kwa mvua zetu za masika paa bapa ni mateso. Basi watu wakaweka paa jingine la makuti juu yake, baadaye bati, limeinuliwa, katikati upepo unapita. Jua linapiga paa la juu, la chini linakaa kivulini. Ukipanda huko jioni ndio raha ya mji mzima.

Sultan Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 akazungusha varanda pana pande zote, ukuta wenyewe usionje jua. Jina la Barghash kila muongoza watalii analijua. Waliobeba mawe ya Zanzibar ile tunajua walikuwa nani kwa jumla tu: wengi walikuwa watumwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe Unguja ulifutwa kisheria 1897. Kwa hiyo kama uliwahi kupiga picha kwenye kile kibaraza cha baridi, ulipiga kwenye kazi ya mtu ambaye hakulipwa. Nalisema hili hata kama litaharibu picha ya mtu.

Tusiwasahau wa nyumba za kawaida. Nyumba ya Kiswahili ya miti na udongo, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma, baraza mbele, makuti juu. Ukuta haukufika paani, uliachwa mwanya hewa ipite. Makuti yanazuia jua na wakati huo huo yanapumua. Bibi zetu waliyasuka wamekaa chini wanapiga soga. Ubaya wake ni moto na mchwa, na kila miaka michache unarudia.

Sasa bati. Mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer alilipatia hati miliki bati la migongo mwaka 1829, huko kwenye gati za London ambako baridi ndiyo shida. Likasambaa dunia nzima kwa sababu ni jepesi na haliungui. Wajerumani walipoanza kuupanga mji wa Dar kwa kanuni za ujenzi za mwaka 1891, maeneo ya mbele yakataka majengo ya namna ya Kizungu, makuti yakasukumwa nyuma. Waingereza wakaendeleza mgawanyo ule: Oysterbay kwa Wazungu, mbele ya upepo wa bahari, nyumba zimetawanyika na varanda zao. Wahindi katikati. Waafrika Kariakoo na kwingineko, nyumba zimebanana. Nyuma ya zile nyumba za Oysterbay vilikuwepo vibanda vya watumishi, na humo alilala yule aliyekuwa anapepea wengine. Upepo nao uligawiwa kwa rangi ya ngozi, hilo halisemwi sana.

Huku uswahilini asiyeweza bati alipasua madebe ya mafuta ya taa, akayanyoosha, akaezeka. Kuwa na bati kukawa ndiyo kutoka kimaisha, na sidhani kama ni haki kuwacheka wazee wetu kwa hilo. Bati halivuji na unakinga maji ya mvua. Ila bati tupu bila dari chini yake linapata moto na kuumimina wote kichwani kwako, na ukilipaka rangi iliyokolea umelisaidia kunyonya jua. Tukarithi bati, tukaacha ule mwanya, uani na baraza. Tukaongeza geti la chuma.

Turudi Mbezi. Nilidhani mzee atapendekeza makuti, mwenyewe akakataa: makuti juu ya petroli ni wazimu. Alichofanya ni hiki. Bati likapakwa nyeupe. Chini yake ikapigwa dari, na katikati ya dari na bati pakaachwa nafasi yenye matundu pande zote mbili, hiyo ndiyo paa mbili ya Unguja kwa bei ya kawaida. Ukuta ukatobolewa, matofali ya matundu chini upande wa kusini-mashariki, kusi inapotoka, na mengine juu kabisa upande wa kaskazini-mashariki, kwa sababu joto la Januari na Februari linakuja na kaskazi. Matundu yana nondo kwa ndani, wezi wasituchoshe. Geti likabadilishwa sehemu ya juu, chuma kikatolewa, wavu ukawekwa. Na gari likirudi safarini linakaa nje kama nusu saa kwanza, maana injini yenye moto ni jiko la mkaa unaloliingiza ndani mwenyewe.

Studio ikahamishwa. Hapa msanii alibisha sana, lakini mzee alikuwa sahihi: gari linataka hewa ipite, mitambo inataka hewa kavu, na huwezi kuvipa vyote viwili chumba kimoja. Sasa ina kachumba kake kadogo, mlango unaofunga vizuri, AC ndogo, na yuniti zinadumu.

Nilimwomba mzee nimtaje humu, hata jina la kwanza. Akasema niandike fundi, inatosha, kisha akaulizia hela yake ya nauli. Nilimuuliza na jina la baba yake mchoma chokaa. Hilo alilitaja polepole, akanisimulia na tanuu zao zilipokuwa, ila akaniambia nisiliweke kwenye simu za watu.

Ile diski iko kwa jamaa mmoja wa kompyuta Kariakoo, wiki ya tatu sasa. Juzi alipiga simu. Amefanikiwa kuokoa faili 2, na moja ina sauti ya marehemu, kama dakika moja hivi, anahesabu kabla biti haijaingia.